Kadhi, Mmisionari na Waumini: Historia ya Msamiati wa Biblia ya Kiswahili, 1844–1995

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya msamiati wa Biblia ya Kiswahili tangu Johann Ludwig Krapf alipoanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo mjini Mombasa mwaka 1844 hadi kuchapishwa kwa Biblia Habari Njema mwaka 1995. Swali linaloongoza mjadala ni hili: nani hasa aliamua ni Kiswahili kipi kiwe lugha ya Maandiko? Kwa kulinganisha istilahi za kidini, majina ya watu na upatanisho wa kisarufi katika tafsiri kuu, makala inaonesha kwamba lugha ya Biblia ilijengwa juu ya msingi uliowekwa na Waislamu wa pwani, na kwamba jitihada za kuuondoa msingi huo hazikufanikiwa kwa sababu waumini wenyewe hawakuzipokea. Makala inahitimisha kwamba mlinganyo uliozoeleka wa “Kiarabu ni Uislamu” umepotosha uandishi wa historia hiyo, na kwamba unaendelea kuathiri maamuzi ya tafsiri katika zama zetu.

1.0 Utangulizi

Katika maandishi ya kitaaluma kuhusu maendeleo ya Kiswahili, mchango wa wamisionari huelezwa kwa namna mbili zinazopingana. Wapo wanaowasifu kwa kuandika sarufi na kamusi za kwanza na kwa kuieneza lugha hadi bara. Wapo pia wanaowalaumu kwa kukipokonya Kiswahili mazingira yake ya Kiislamu, kukivua hati zake za Kiarabu na kukivika vazi la Ulaya. Pande zote mbili zinakubaliana katika jambo moja ambalo halijachunguzwa vya kutosha: kwamba mmisionari ndiye mtendaji mkuu, na kwamba Waswahili, wawe Waislamu wa pwani au Wakristo wa bara, walikuwa wapokeaji tu.

Historia ya tafsiri za Biblia inatupa ushahidi tofauti. Tafsiri ni kazi ya watu wengi: yupo anayeshika kalamu, yupo anayeulizwa neno, na wapo watakaolisikia neno hilo kanisani na kulichukua au kuliacha. Makala hii inawafuatilia watu hao wa aina tatu, yaani mwalimu wa lugha, mtafsiri na waumini. Hoja yetu ni kwamba katika suala la msamiati, wa tatu ndiye aliyekuwa mhariri wa mwisho, na kwamba uhariri wake ulielekea kuyahifadhi yale aliyoyatoa wa kwanza hata pale ambapo wa pili alitaka kuyafuta.

Suala hili si la kihistoria tu. Kila kizazi cha watafsiri hukabiliwa upya na maswali yaleyale: tuandike Ibrahimu au Abrahamu? Nabii au neno jingine? Majibu yake yanagusa uhusiano wa majirani wa dini mbili wanaotumia lugha moja.

2.0 Walimu wa watafsiri: Mombasa na Unguja

Krapf, Mjerumani wa Kilutheri aliyetumwa na misheni ya Kianglikana ya CMS, alifika Mombasa mwaka 1844. Katika mwaka huohuo alifiwa na mkewe, Rosine, pamoja na mtoto wao mchanga, na katika mwaka huohuo alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo. Hakukianza peke yake. Msaidizi wake katika kazi hiyo alikuwa kadhi wa Mombasa, mtu mwenye asili ya Barawa. Mwaka 1847 sura za mwanzo za tafsiri hiyo zilichapwa Marekani katika jarida la jumuiya ya wataalamu wa mambo ya Mashariki. Hivyo, maandishi ya kwanza ya Kibiblia kuchapishwa kwa Kiswahili yalipitia mikononi mwa mwanachuoni wa sheria ya Kiislamu.

Inafaa kutua hapa kidogo. Kadhi hakuhitaji kufundishwa habari za kuumbwa kwa dunia, za Adamu na Hawa, wala za Ibrahimu na mwanawe. Aliyajua masimulizi hayo kwa Kiswahili chake, na maneno ya kuyasimulia yalikuwapo tayari. Mmisionari alidhani analeta ujumbe mpya katika lugha isiyouzoea. Kumbe sehemu kubwa ya msamiati wa ujumbe huo ilikuwa imekwisha kukaa pwani kwa karne nyingi.

Krapf mwenyewe aliliona jambo hilo, na lilimtia wasiwasi. Alifahamu kwamba Waswahili walikuwa na mapokeo yao ya maandishi, kwani alikusanya miswada ya tenzi na kuipeleka Ujerumani. Hata hivyo, alipochapisha muhtasari wake wa sarufi mwaka 1850, alitetea matumizi ya hati za Kirumi na kuzikataa za Kiarabu, na miongoni mwa sababu zake ilikuwamo ya kidini: hakutaka maandishi yawe mlango wa kuingizia Uislamu kwa watu wa bara. Uamuzi huo wa hati ulifaulu. Tutaona baadaye kwamba uamuzi wa aina hiyo kuhusu maneno haukufaulu, na tofauti hiyo inahitaji maelezo.

Miaka ishirini hivi baada ya Krapf kuanza, hali inayofanana ilijitokeza Unguja. Edward Steere wa misheni ya vyuo vikuu vya Uingereza, UMCA, alifika huko mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer. Katika dibaji ya mwongozo wake wa Kiswahili wa mwaka 1870, Steere anaeleza kwamba Sheikh Abdulaziz, mwanachuoni mashuhuri ambaye naye alikuwa mtu wa Barawa, alijitolea kumtafsiria Zaburi kutoka Kiarabu. Kazi haikufika mbali. Sheikh alikuwa na shughuli nyingi. Lakini sababu nyingine aliyoitoa Steere ni muhimu zaidi kwetu: Kiswahili cha Sheikh kilikuwa cha kisomi mno kwa haja ya misheni. Steere akaendelea kwa msaada wa wengine waliotumia lugha iliyo karibu zaidi na ya watu wa kawaida.

Kauli hiyo inatuonesha kwamba Steere alikuwa akichagua kati ya viwango vya Kiswahili vilivyokuwapo, si kati ya Kiswahili na lugha aliyoiunda. Chaguo lake lilitokana na wasomaji aliowakusudia. Wanafunzi wa kwanza wa UMCA katika shule ya Kiungani walikuwa vijana waliokombolewa kutoka katika majahazi ya watumwa: Wayao, Wanyasa na wengineo, ambao Kiswahili kilikuwa lugha yao ya pili. Baadhi yao walifundishwa kazi ya uchapaji, wakapanga kwa mikono yao herufi za vitabu vya kwanza vya misheni. Kutoka katika jumuiya hiyo alitoka John Swedi, aliyepewa ushemasi mwaka 1879, na Cecil Majaliwa, aliyepewa upadri mwaka 1890. Agano Jipya la Kiunguja lilitoka mwaka 1879. Steere alifariki mwaka 1882, na wenzake wakaikamilisha Biblia nzima, iliyotolewa mwaka 1891.

Kiswahili cha Biblia ya Unguja basi kilikuwa na wazazi wawili: elimu ya Waislamu wa mjini, na matumizi ya watumwa waliokombolewa. Wa kwanza walitoa istilahi. Wa pili walizijaribu mdomoni na kuzipeleka bara kama walimu na makatekista.

Mombasa nayo iliendelea na njia yake. W. E. Taylor wa CMS aliamini kwamba Kimvita, lugha ya Muyaka na ya washairi, ndicho kilichostahili kuwa lugha ya Maandiko, na mwalimu wake mkuu alikuwa Mwalimu Sikujua, Mwislamu aliyeihifadhi sehemu kubwa ya tungo za Muyaka. Agano Jipya la Kimvita lilichapishwa mwaka 1909 na Biblia nzima mwaka 1914. Biblia mbili za lahaja mbili zilisimama bega kwa bega, lakini zote mbili zilikuwa na mwalimu wa aina moja.

Uhusiano huu haukuwa wa upande mmoja. Tafsiri kamili ya kwanza ya Kurani kwa Kiswahili, iliyotoka mwaka 1923, ilifanywa na Godfrey Dale, kasisi wa UMCA wa Unguja. Nia yake ilikuwa ya kimisionari, na Waislamu walikuwa na sababu za kuilalamikia. Tafsiri ya Ahmadiyya ya mwaka 1953 na ile ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy ya mwaka 1969 zilikuja baadaye. Hata hivyo, kwa mtazamo wa kiisimu, jambo la kuzingatia ni kwamba kadhi aliweza kuielezea Taurati na kasisi akaweza kuitafsiri Kurani kwa kutumia hazina ileile ya maneno.

3.0 Maneno ya Kiarabu yalibeba nini?

Ili kuelewa mgogoro uliozuka katika miaka ya 1930, ni lazima kwanza tuuchunguze msamiati wenyewe. Tukifungua tafsiri yoyote ya mapema tunakutana na maneno haya: nabii, malaika, dhambi, toba, rehema, neema, imani, baraka, sadaka, dhabihu, madhabahu, kuhani, injili, torati, zaburi, shetani, roho. Yote yameingia Kiswahili kupitia Kiarabu, na yote au karibu yote yalitumiwa na Waislamu kabla ya kutumiwa na Wakristo. Kutokana na hilo, wengi wamehitimisha kwamba ni “maneno ya Kiislamu” yaliyoazimwa na Kanisa.

Hitimisho hilo linachanganya njia ambayo neno lilipitia na asili yake. Injili ni neno la Kiyunani, euangelion, lililoingia Kiarabu likiwa tayari la Kikristo. Askofu linatokana na episkopos la Kiyunani kupitia usquf ya Kiarabu. Kanisa ni kanīsa ya Kiarabu, neno lenye nasaba ya Kiaramu, ambalo Wakristo wa Kiarabu walilitumia kwa nyumba zao za ibada. Maneno haya yalikuwa na historia ya Kikristo kabla hayajafika Lamu au Unguja.

Kundi jingine linavutia zaidi. Kiarabu na Kiebrania ni lugha za familia moja, ya Kisemiti, na istilahi nyingi za Agano la Kale zina mizizi ileile katika lugha hizo mbili. Nabii ni ndugu wa navi ya Kiebrania. Malaika ni ndugu wa malakh. Roho ni ndugu wa ruakh. Baraka ni ndugu wa berakha. Dhabihu na madhabahu zinatoka katika mzizi uleule wa kuchinja unaozaa zevakh na mizbeakh. Imani na amina, zinazoonekana kwa msomaji wa leo kuwa maneno mawili yasiyohusiana, zina mzizi mmoja wa Kisemiti wenye maana ya uthabiti na uaminifu. Mtafsiri wa Kiingereza au wa Kijerumani alilazimika kuyatafuta maneno hayo katika Kilatini na Kiyunani. Mtafsiri wa Kiswahili aliyakuta mlangoni, yakiwa karibu na asili kuliko yale aliyoyazoea kwao.

Hatusemi kwamba kila neno lilikaa bila tatizo. Kuhani ni mfano wa ugumu: katika Kiarabu neno kāhin hubeba pia maana ya mtabiri wa zama za kabla ya Uislamu, ilhali kohen ya Kiebrania ni mhudumu halali wa madhabahu. Neno moja lilitakiwa kuvushwa kutoka katika shaka hadi katika heshima. Kwamba lilivuka, na leo Mkristo anayelisikia hafikirii kabisa habari za utabiri, ni ushahidi wa nguvu ya matumizi. Maana ya istilahi huwekwa na wale wanaoitumia wiki baada ya wiki.

Vilevile tusisahau kwamba Kiswahili kilichangia mzizi wake wa Kibantu katika sehemu za msingi kabisa. Mungu ni neno la Kibantu na liliwatosha Waislamu na Wakristo pia. Mtume, lililotokana na kitenzi tuma, linatumika kwa Muhammad na kwa wanafunzi kumi na wawili wa Yesu. Mtakatifu, mwokozi, ufufuo, ufunuo, agano, ufalme na mchungaji ni maneno ya Kibantu. Msamiati wa Biblia, kwa hiyo, haukuwa wa Kiarabu uliobanwa juu ya sarufi ya Kibantu. Ulikuwa Kiswahili, kama kilivyokuwa tayari.

4.0 Jaribio la Roehl

Karl Roehl, mmisionari wa Kilutheri aliyekuwa amefanya kazi Usambara, hakukubaliana na mtazamo huo. Kwake, Kiswahili kilikuwa lugha ya Kibantu iliyovikwa nguo za kigeni, na kazi ya Kanisa ilikuwa kuivua nguo hizo. Hoja yake ilikuwa na pande mbili. Upande wa kwanza ulikuwa wa kidini: maneno ya Kiarabu, kwa maoni yake, yalibeba Uislamu. Upande wa pili ulikuwa wa kimawasiliano: mtu wa bara, ambaye lugha yake ya kwanza ni Kishambaa au Kinyamwezi, hawezi kulichambua neno dhabihu, bali analipokea kama sauti tu, mpe neno la Kibantu, na maana yake itafunguka yenyewe.

Agano Jipya la Roehl lilitoka mwaka 1930, na Biblia nzima ikachapishwa Stuttgart mwaka 1937. Ndani yake kuhani amekuwa mtambikaji, nabii amekuwa mfumbuaji, na haki ya Mungu imekuwa wongofu. Majina nayo yalibadilishwa: Daudi akawa Dawidi, Sulemani akawa Salomo, kwa mfano wa Biblia ya Kijerumani. Hili la majina linafichua jambo. Kama lengo lingekuwa kuurudisha Ubantu peke yake, kusingekuwa na sababu ya kumwacha Sulemani na kumchukua Salomo, kwa sababu Salomo si Mbantu kuliko Sulemani. Kilichokimbiwa hapo kilikuwa Kiarabu, na kilichokimbiliwa kilikuwa Ulaya.

Mjadala mkali ulifuata katika jarida la Africa mwaka 1930 na 1931, kati ya Roehl na Kasisi G. W. Broomfield wa UMCA. Broomfield alijibu kwamba maneno yenye asili ya Kiarabu yamekuwa mali ya wazungumzaji, na kwamba kuyang’oa kutaleta lugha isiyozungumzwa na mtu yeyote. Mjadala huo ulikwenda sambamba na juhudi za usanifishaji. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikuwa umekiteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ilianza kazi mwaka 1930. Roehl alikuwa akipiga makasia dhidi ya mkondo.

Haifai, hata hivyo, kumwona Roehl kama mtu aliyeshindwa na kamati tu. Tafsiri yake ilitumiwa na Walutheri wa Tanganyika kwa miaka kadhaa, na ina sehemu zenye Kiswahili chepesi kinachotiririka. Kushindwa kwake kunaelezeka zaidi tukiyatazama maneno yenyewe kwa masikio ya waumini. Tuchukue mtambikaji. Ni kweli kwamba neno hilo linafunguka kwa Mbantu. Tatizo ni kile kinachoonekana likishafunguka. Tambiko ni ibada ya wahenga, na misheni hizohizo zilikuwa zimewafundisha waongofu kuiacha. Kumwita Haruni mtambikaji kulikuwa sawa na kulirudisha kwa mlango wa mbele lililotolewa kwa mlango wa nyuma. Uwazi wa neno, ambao Roehl aliuona kuwa fadhila, ndio ulioligeuza kuwa mzigo. Kuhani, kwa kuwa lilikuwa na ugeni kidogo, liliacha nafasi ya kujazwa maana mpya.

Hapa ndipo tunapopata jibu la swali tulilolitaja kuhusu hati. Hati za Kirumi zilishinda kwa sababu hati hufundishwa shuleni, na shule zilikuwa mikononi mwa misheni na serikali. Mtoto hana hati nyingine ya kulinganisha nayo. Maneno ni tofauti: mtoto huyajua kabla ya kwenda shule, huyasikia sokoni na kwa jirani, na kuyahukumu yale anayoletewa kwa yale anayoyajua. Mamlaka ya mmisionari yalikuwa makubwa juu ya alfabeti na madogo juu ya kamusi.

5.0 Sarufi inayobeba itikadi

Kabla hatujaendelea na tafsiri iliyofuata, ni vyema kutazama sehemu moja ambamo watafsiri wote walikuwa na uwezo mkubwa kuliko walivyodhani, nayo ni upatanisho wa kisarufi.

Roho ni nomino inayoweza kuchukua upatanisho wa ngeli ya I-ZI: roho yangu, roho nzuri. Tungetarajia basi kuona roho takatifu. Makanisa mengi yanasema Roho Mtakatifu, kwa kiambishi cha ngeli ya A-WA, ngeli ya watu na viumbe hai. Kiambishi hicho kimoja kinatangaza fundisho zima: kwamba Roho ni nafsi, si nguvu. Kinyume chake, tafsiri inayotumiwa na Mashahidi wa Yehova, ambao hawakubali fundisho la Utatu, inaandika roho takatifu. Mabishano yaliyochukua karne nyingi kwa Kiyunani yamefupishwa katika sauti moja ya Kiswahili.

Mfano wa pili umo mwanzoni mwa Injili ya Yohana. Neno ni nomino ya ngeli ya LI-YA. Kwa kawaida neno husemwa kwamba lilikuwako. Tafsiri kuu zinaliunganisha na kiwakilishi naye na kiambishi a-, na msomaji anatambua papo hapo, bila maelezo ya pembeni, kwamba Neno hili ni mtu. Kiyunani, ambacho logos ndani yake ni nomino ya jinsi ya kiume kwa vyovyote vile, hakiwezi kuutoa ujumbe huo kwa wazi namna hiyo. Kwa Kiswahili, msomaji wa kwanza wa sentensi hiyo anastushwa na sarufi kabla ya kustushwa na theolojia.

Mungu mwenyewe hufuata kanuni ya kipekee: wingi wake ni miungu, kama mti na miti, lakini upatanisho wake ni wa A-WA. Hakuna mmisionari aliyelitunga jambo hilo. Lilikuwamo katika lugha, na Waislamu na Wakristo walilirithi pamoja. Mifano hii inatuthibitishia kwamba michango mikubwa ya Kibantu katika lugha ya Maandiko haikuwa katika orodha ya maneno ambayo Roehl aliitafuta kwa bidii, bali katika mfumo wa sarufi ambao haukuhitaji kutafutwa.

6.0 Biblia ya 1952 na lugha ya mimbari

Haja ya kuwa na tafsiri moja badala ya tatu, yaani ya Unguja, ya Mvita na ya Roehl, ilizaa tafsiri ya Muungano: Agano Jipya mwaka 1950 na Biblia nzima mwaka 1952, chini ya Chama cha Biblia cha Uingereza na Nchi za Nje. Kimsingi ni Kiunguja kilichosanifiwa. Nabii, kuhani, dhabihu na haki zimo. Ibrahimu, Yusufu, Musa, Haruni, Daudi, Sulemani na Ayubu wamo. Katika Agano Jipya, hata hivyo, mpaka umewekwa: ni Yesu, si Isa, na ni Yohana, si Yahya. Kwa hiyo Biblia hiyo ina jiografia yake ya majina. Mababa na manabii wanashirikiwa na majirani. Jina la Mwokozi ni la Kanisa peke yake.

Tafsiri hii ilifanikiwa kuliko waliyoitunga walivyoweza kutarajia. Ilifika wakati uamsho wa Afrika Mashariki, uliochipuka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ulikuwa umekwisha kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika ukiwa na desturi ya ushuhuda wa hadharani na salamu yake ya kumsifu Bwana. Waumini wa uamsho waliisoma Biblia kwa kuihifadhi kichwani. Baadaye, Mtaguso wa Pili wa Vatikano wa miaka 1962 hadi 1965 ulipofungua mlango wa ibada kwa lugha za watu, Kiswahili cha kanisani kilipata uwanja mpya kwa Wakatoliki nao. Kwaya zilichukua mafungu mazima na kuyatia muziki. Hata kitabu cha nyimbo kinachojulikana sana, Tenzi za Rohoni, kimebeba katika jina lake istilahi ya ushairi wa Kiislamu wa pwani, na sidhani kama yupo muumini anayeona ajabu kwa hilo.

Matokeo yake ni rejista kamili ya lugha. Msikilizaji yeyote wa Afrika Mashariki huitambua kwa dalili chache: masimulizi yaendeshwayo kwa kiambishi -ka-, neno hata likianza sentensi kwa maana ya “ilipofika”, vitenzi kama kunena, kuenenda na kutwaa, na nchi likimaanisha dunia. Kiswahili cha mazungumzo kimesogea mbele na kuziacha dalili hizo. Mimbari imebaki nazo. Mhubiri kijana wa mjini, anayezungumza na rafiki zake kwa lugha ya mtaani, hubadili sauti na sarufi anapoanza kuomba; na Biblia iliyomo katika simu yake mara nyingi ni ileile ya 1952.

Gharama ya hali hiyo ipo. Kijana asiyejua kwamba nchi iliwahi kumaanisha dunia husoma aya ya kwanza ya Biblia akifikiri juu ya taifa. Uzuri wa lugha unaweza kuwa pazia. Makanisa yanayolalamika kwamba vijana hawasomi Maandiko hayana budi kujiuliza kama vijana wanayaelewa.

7.0 Habari Njema na suala la majina

Jibu la tatizo hilo lilijaribiwa katika tafsiri ya Habari Njema: Agano Jipya mwaka 1977, na Biblia nzima mwaka 1995. Ilifuata nadharia ya Eugene Nida ya ulinganifu wa maana, na ilifanywa kwa ushirikiano wa Wakatoliki na Waprotestanti, jambo lisilofikirika katika siku za Steere. Sentensi zake ni fupi, msamiati wake ni wa siku zote, na katika aya ya kwanza nchi imekuwa dunia. Kwa wanaojifunza, na kwa wanaosoma kimya, ni hatua kubwa.

Katika jambo mbili, hata hivyo, tafsiri hii inavuta kuelekea pande zinazopingana. Jambo la kwanza ni majina. Ibrahimu amekuwa Abrahamu, Musa amekuwa Mose, Yusufu amekuwa Yosefu, Haruni amekuwa Aroni, Sulemani amekuwa Solomoni, Ayubu amekuwa Yobu. Zipo sababu za kuyatetea mabadiliko hayo, zikiwamo ukaribu wa matamshi na lugha za asili na mahitaji ya kupata umbo moja kwa madhehebu mengi. Lakini athari yake ni kwamba mstari ambao Biblia ya 1952 iliuchora kati ya Agano la Kale na Jipya sasa umesogezwa hadi Mwanzo. Mtoto wa Kikristo aitwaye Musa hamkuti tena Musa katika Biblia yake. Anamkuta katika msahafu wa jirani.

Jambo la pili ni jina la Mungu. Tafsiri ya 1952 iliandika BWANA kwa herufi kubwa mahali pa jina takatifu la Kiebrania. Bwana ni neno lenye historia nzito katika jamii iliyojua mabwana wa watumwa na mabwana wa kikoloni, ingawa ibada imelisafisha. Habari Njema imeandika Mwenyezi-Mungu. Kwa sikio la Mswahili, huo ni usemi wa msikitini na wa barazani, usemi ambao Waislamu wameutumia vizazi na vizazi; na umbo lake lenyewe ni ndoa ya mwenye ya Kibantu na ezi yenye asili ya Kiarabu. Tafsiri ileile iliyowaondoa Ibrahimu na Yusufu kwa jirani ilirudi kwake kuazima jina la Mungu.

Mgongano huu si uzembe. Ni dalili kwamba kamati ilifanya uamuzi wa kila istilahi kivyake, bila historia ya jumla ya msamiati mbele yake. Nao waumini wameendelea na kazi yao ya uhariri. Katika makanisa mengi ya Kiprotestanti Habari Njema husomwa nyumbani na katika vikundi vya kujifunza, na ile ya 1952 ikasomwa mimbarini. Wazazi wanaendelea kuwabatiza watoto wao Musa na Yusufu.

8.0 Hitimisho

Tumeona kwamba msamiati wa Biblia ya Kiswahili ulitolewa kwa sehemu kubwa na walimu Waislamu, ukajaribiwa na Wakristo wa kwanza ambao wengi wao walikuwa watumwa waliokombolewa, ukahojiwa na watafsiri wa Ulaya, na hatimaye ukathibitishwa na waumini. Uamuzi wa hati ulikuwa wa misheni. Uamuzi wa maneno haukuwa wake. Simulizi inayomfanya mmisionari kuwa muumbaji wa Kiswahili cha Kanisa, kwa sifa au kwa lawama, inawanyima haki kadhi wa Mombasa, mchapaji wa Kiungani na mzee wa kanisa wa bara.

Mambo mawili yanafuata. La kwanza linawahusu wataalamu wa fasihi na isimu. Idara zetu zinafundisha tenzi za pwani na nathari ya Shaaban Robert, na zinafanya vyema. Lakini nathari ambayo imeunda masikio ya mamilioni ya wazungumzaji wa bara huachiwa vyuo vya theolojia. Tafsiri za 1891, 1914, 1937, 1952 na 1995 zinastahili kusomwa sambamba kama matini za historia ya lugha, kwa sababu ni nadra kwa matini ya nathari kuandikwa upya mara nyingi hivyo kwa Kiswahili katika muda wa karne moja hivi.

La pili linawahusu wanaotafsiri. Kuirahisisha lugha ni kazi halali na ya lazima, na nchi iliyogeuka kuwa dunia haina wa kuilaumu. Lakini kuliondoa neno kwa sababu tu limepitia Kiarabu ni kurudia kosa la mwaka 1937 bila kuwa na ujasiri wa Roehl wa kulisema waziwazi. Katika miji yetu kuna mihadhara ya hadharani ambamo Waislamu na Wakristo hubishana kwa ukali juu ya Maandiko. Na hata humo, wanaoshindana huelewana kwa kuwa nabii wao ni neno moja, na malaika wao, na toba yao. Kamati itakayoketi kesho kuamua kati ya Ibrahimu na Abrahamu itakuwa inaamua pia kama majirani hao wataendelea kuwa na baba mmoja katika lugha, hata pale wasipokubaliana juu ya urithi wake.